Mshale wa Jeuri

Machi 4, Jumatatu

Mtu aliyekaribia kufa hutarajiwa kuungama mambo mazito. Ungamo langu la leo ni jepesi: nina furaha kupita kiasi, na daktari amenikataza. Alinisikiliza moyo muda mrefu, akavua vifaa vyake masikioni, akasema, "Mwalimu, mvua hizi ukizimaliza tutashukuru. Jambo moja tu nakuomba: usisisimke." Nikamwahidi. Nikarudi nyumbani nikakuta Kitinda ameleta geji.

Kitinda ni binti yangu wa mwisho, ndiyo maana ya jina. Ana lori. La kwake mwenyewe, baada ya miaka mingi ya kuendesha ya watu. Tunaliita Jeuri kwa sababu huwaka linapojisikia. Mwaka jana lilichemsha maji likiwa mlimani, na injini ikafa kifo chake cha kwanza. Fundi aliifufua, akaichonga silinda hedi, kile kifuniko cha juu ya injini, ikanyooka, kisha akamwambia binti yangu: "Dada, hapa nimechonga mpaka mwisho wa chuma. Likichemsha tena usinipigie mimi. Pigia wanaonunua skrepa."

Tangu siku ile Kitinda anaendesha kwa kunusa. Geji ya joto iliyokuja na lori imekufa, na ya kufanana nayo haipatikani. Basi akisikia harufu asiyoielewa, anasimama. Mwezi ujao anaanza kupeleka saruji ng'ambo ya mlima, kila wiki. Pua haitatosha.

Geji aliyoileta ni ya gari dogo. Inataka volti kumi na mbili. Jeuri lina betri mbili zilizofungwa kwa kufuatana, jumla volti ishirini na nne. Ukiunganisha hivi hivi, geji itaungua kabla hujamaliza kusema "tazama."

Nimekaa nayo mkononi jioni nzima. Ina mshale mwekundu mwembamba kama unywele.

Machi 5, Jumanne

Mvua. Sikulala vizuri, kwa furaha. Dada yangu ananishuku.

Machi 7, Alhamisi

Cheche amekuja. Ni fundi wa umeme wa magari, na jina hilo hakupewa bure. Nyusi yake moja imebaki nusu. Simpendi sana. Anaongea huku anatafuna kijiti, na ana majibu kabla ya maswali.

"Mwalimu, kazi ndogo hii. Tunachota katikati."

Alikuwa na maana ya kuchukua umeme kwenye betri moja tu kati ya mbili. Betri moja ni volti kumi na mbili, geji inataka kumi na mbili, mambo kwisha.

"Hapana," nikasema. "Betri mbili ni kama watu wawili waliobeba kitanda cha mgonjwa. Ukimtwika mmoja wao na mtungi wa maji, hachoki peke yake. Wataanguka wote, na mgonjwa juu."

"Nimefunga hivi malori chungu nzima."

"Na betri ngapi zimekufa?"

"Ah, betri hufa, Mwalimu. Hata sisi tutakufa."

Kitinda akamkanyaga mguu. Mimi nikacheka mpaka nikakohoa, Dada akaja mbio na maji, akadhani ndiyo imefika.

Machi 8, Ijumaa

Nimeamua. Tutatia rezista: kipande kidogo cha ukinzani njiani, kibane umeme, geji ipate nusu yake. Nimefanya hesabu kwa mkono wangu. Njia nzima ya geji na sensa yake, kile kidude kinachohisi joto la maji ya injini, ina ukinzani wa omu mia tatu injini ikiwa baridi. Ukiongeza mia tatu nyingine, unagawa umeme sawa kwa sawa. Hesabu safi. Wanafunzi wangu wangepata maksi kamili.

Machi 11, Jumatatu

Mvua. Chai. Mvua.

Machi 12, Jumanne

Nimepanda ndani ya Jeuri! Ni ngazi tatu. Kitinda alinivuta mikono kutoka juu, Dada alinisukuma makalio kutoka chini, huku akisema maneno ambayo mwanamke wa umri wake hapaswi kuyajua.

"Nakusukuma leo, mdogo wangu, lakini ukifia humo ndani sikuteremshi."

Nimeketi kwenye kiti cha abiria karibu saa nzima. Niseme kweli: binti yangu ana lori hili mwaka wa tatu, na sijawahi kuketi ndani yake. Nilitaka awe mwalimu. Nilidhani akiona sipandi, ataacha. Humo ndani kila kitu kina mahali pake. Tochi hapa, spana pale, kitambaa cha kioo kimekunjwa kama leso ya msibani. Hata darasa langu halikuwa hivyo.

Redio peke yake ndiyo iliyonikera. Inapiga kelele mfululizo.

"Inakuchangamsha?" nikamuuliza.

"Inanizuia kusinzia, baba. Wewe mlima ungeupanda na nini, na jedwali la vipimo?"

Machi 16, Jumamosi

Cheche ameipata rezista ndani ya mzoga wa televisheni. Amekuja ameishika juu kama aliyevua samaki. Ametoboa dashibodi tundu la duara, safi, bila kupasua plastiki. Nimemsifu. Akaacha kutafuna kijiti, akatazama chini. Kumbe hajazoea sifa.

Machi 19, Jumanne

Siku kubwa. Waya zimeungwa. Kitinda akageuza ufunguo, na mshale ukatikisika, ukanyanyuka, ukasimama pale pale nilipotabiri: kwenye alama ya baridi. Si juu yake, si chini yake. Nikapiga makofi kama mtoto. Cheche akanipa mkono. Dada akasimama mlangoni na mwiko, akasema, "Haya ndiyo mliyokuwa mnahangaikia? Kijiti?"

Kanuni ya kazi ni kupima chombo kikiwa baridi, kisha kukipima kikiwa cha moto. Nilitaka tuitoe sensa, tuitumbukize kwenye maji yanayochemka, tuone mshale unaruka mpaka wapi. Nikamwomba Dada sufuria.

"Sufuria gani?"

"Ile ya chai."

"Chuma cha injini kwenye sufuria yangu ya chai? Labda ukishanizika."

"Utanizika wewe, dada."

"Basi subiri nikuzike, halafu uje uichukue."

Tukacheka, tukaacha. Jioni ilikuwa nzuri, mvua ilikuwa imekatika, mshale ulikuwa unacheza. Nikamwambia Kitinda: "Ukiona mshale katikati, uko salama. Uamini kuliko pua yako." Akarudia neno kwa neno, kama anavyofanya akichukua kitu kwa uzito.

Machi 24, Jumapili

Kifua kinabana. Nimelala mchana kutwa. Nikifumba macho nauona mshale.

Machi 29, Ijumaa

Daktari amekuja, akauliza kama nimesisimka. Dada akanijibia: "Huyu? Analala kama gogo." Ameniangalia wakati anadanganya. Ninaye dada mmoja tu duniani, na wala simhitaji wa pili.

Aprili 2, Jumanne

Naandika polepole.

Kitinda ameondoka alfajiri na saruji, safari ya kwanza ya mlimani. Asubuhi nilijawa na furaha hata chai sikuigusa. Nikajitungia mchezo: nichore mshale utakuwa wapi kila hatua ya mlima, ili akirudi tulinganishe. Ili kuchora hivyo nilihitaji ukinzani wa njia injini ikiwa ya moto. Najua sensa hizi. Kadiri zinavyopata joto, ukinzani hushuka. Maji yakichemka, njia nzima inabaki na mia moja tu.

Nikagawa. Volti kumi na mbili kwa mia moja: mshale uko kwenye alama nyekundu, kama inavyotakiwa. Kisha nikagawa kwa jinsi tulivyofunga sisi: ishirini na nne, lakini kwa mia moja pamoja na mia tatu yangu. Jibu likatoka nusu.

Nikarudia. Nusu.

Yaani rezista yangu ilikuwa inasema kweli kwenye baridi peke yake. Injini inavyozidi kupata joto, ndivyo inavyozidi kuuminya mshale. Maji yangechemka na mshale ungekaa katikati kabisa, umetulia. Na katikati nilikuwa nimemwambia kwamba ni salama. Nimemnyang'anya pua yake, nikampa mwongo mwenye sura nzuri.

Nikachukua simu. Sauti haikutoka. Hewa ilikuwepo, maneno hayakuwepo. Dada akaingia, akaniona nilivyo, akapiga yeye, akaiweka simu kwenye spika. Nikamnong'oneza: "Mwambie moto umepanda. Mshale unadanganya. Asimame."

Sasa, neno lenyewe. Nimeishi na Cheche mwezi mzima, na kwao gereji kila kitu ni moto. Umeme ni moto, waya wenye umeme ni waya wa moto, joto la injini ni moto. Nami nikaambukizwa. Dada yangu hajawahi kukanyaga gereji. Kwake moto ni moto, ule wa kuunguza nyumba.

Akavuta pumzi, akapiga ukelele uliosikika mtaa wa tatu:

"MWANANGU, MOTO! LORI LINA MOTO! RUKA! RUKA!"

Nikasikia breki. Nikasikia mlango. Kisha simu ikawa inaongea na kiti kitupu: redio, mvua kwenye bati la kabini, na kwa mbali sauti za wanaume.

"Dada," nikanong'ona, "umesema nini?"

"Nimesema ulichosema!"

Tulikaa. Sijui kwa muda gani, na sitaki kukisia. Kisha Kitinda akarudi kwenye simu anahema.

"Shangazi, moto uko wapi? Nimeruka na kiatu kimoja! Kuna wanaume wawili wanarusha mchanga kwenye tairi zangu, mmoja analia!"

Sauti yangu ikarudi, nyembamba, lakini ikarudi. "Injini umezima?"

"Baba? Nimezima, ndiyo. Ndipo nikaruka."

"Mshale ulikuwa wapi?"

"Katikati. Salama, kama ulivyosema."

"Nenda mbele, sikiliza rejeta. Usiguse kifuniko. Sikiliza tu."

Nyayo kwenye tope. 

"Baba." Sauti yake ilikuwa ndogo, ya mtoto aliyevunja kitu. "Inanguruma humu. Inanguruma kama chungu."

"Haijamwaga?"

"Bado."

"Basi bado iko hai. Usiimwagie maji ya baridi. Iache ipumue."

Wakati lori linapoa, mimi nilikuwa natafuta njia, maana hapo alipo hawezi kugeuza, na nyuma yake malori yanapiga honi. Anahitaji mshale wa kweli, leo, barabarani. Na redio ilikuwa inaendelea kupayuka ndani ya simu. Nilitaka kumwambia aizime. Nikafungua mdomo nimwambie, nikabaki mdomo wazi.

"Kitinda, redio hiyo ni ya lori?"

"Ya gari dogo. Aliifunga aliyeniuzia lori."

"Mbona haiungui?"

"Ina kikopo chake, baba, nyuma ya dashibodi. Kinashusha umeme."

Kinashusha umeme! Ishirini na nne inaingia, kumi na mbili inatoka, na inatoka kumi na mbili hata ukiunganisha nini. Mwezi mzima kitu nilichokuwa nakitafuta kilikuwa kinanipigia kelele usoni, na mimi nanung'unika.

Nikamwelekeza. Akatoa klipu ya betri kwanza. Akakata rezista yangu akaitupa, nilisikia ikianguka. Akauleta waya wa geji mpaka kwenye waya mwekundu unaotoka kwenye kikopo kwenda redioni, akausokota, akaufunga kwa utepe wa nailoni. Alikuwa na tochi mdomoni, kwa hiyo kila jibu lilikuwa "mm." Yule mwanaume aliyekuwa analia alimshikia mwavuli.

"Rudisha betri. Washa swichi. Injini usiwashe."

"Mm."

"Mshale?"

Nikasikia tochi ikitemwa.

"Baba! Umepanda! Umekwenda kule karibu na nyekundu kabisa! Alaa! Kumbe ndiko ulikokuwa!"

Na hapo, Mungu anisamehe, badala ya kutetemeka kwa hofu nikapiga ngumi kitandani kwa furaha. Dada akanishika mkono, akafikiri ni degedege.

Alisubiri mpaka mshale ulipoteremka, akaongeza maji kidogo kidogo, akawasha. Jioni alipiga simu kutoka ng'ambo. Alifika.

Aprili 4, Alhamisi

Kitinda amerudi. Amesimulia mara nne, na mara zote Dada ameinuka kuonyesha alivyopiga ukelele.

"Niambie kweli," nikamuuliza binti yangu. "Kama angesema joto, simama, ungesimama?"

Akafikiri. "Ningewaambia subirini, nimebakiza kona mbili."

Kona mbili zingetosha.

Aprili 6, Jumamosi

Majirani wanakuja kumwangalia mwalimu aliyeokoa lori akiwa kitandani. Nimekula sifa siku mbili, na ni tamu. Leo Cheche amekuja. Hakuwa na kijiti.

"Mwalimu, binti yako amenitukana mbele ya gereji nzima. Anasema nimeunga vibaya. Ameniambia hata nyusi ziliniona mjinga zikahama." Akanitazama. "Tusi zuri, sikatai. Lakini sikuunga vibaya."

"Hukuunga vibaya," nikasema.

"Najua sikuunga vibaya. Nataka ajue yeye."

Angeweza kumwambia mwenyewe. Alikuja kwangu kwanza. Mwezi uliopita nilimwona mtu wa majibu ya haraka.

Nikamwita Kitinda, nikamwambia aketi. Nikasema yote. Kwamba hesabu ilikuwa yangu, na ilikuwa ya baridi tu. Kwamba nilijua tunatakiwa kupima kwenye maji ya moto. Kwamba sufuria ya chai ilikuwa kisingizio. Nyumba hii ina masufuria, hata kopo la rangi lingefaa, na sikuliomba. "Nilikuwa na haraka," nikasema. "Niliogopa nitakufa kabla sijauona mshale ukicheza. Ulipocheza, sikutaka kitu kingine kiniharibie. Nilikutuma mlimani na furaha yangu."

Alisimama, akamwambia Cheche, "Fundi, nisamehe," akatoka. Nikasikia boneti ya Jeuri ikifunguliwa na kufungwa, ikifunguliwa na kufungwa.

Aprili 7

Hajaja chumbani.

Aprili 8

Hajaja. Dada analeta uji na kusema, "Atakuja," bila kuulizwa.

Aprili 9, Jumanne

Amekuja. Alisimama mlangoni na sufuria ya chai ya Dada mkononi, na ndani yake sensa, mvuke unatoka.

"Mimi na Cheche tumepima," akasema. "Maji yanachemka, mshale uko kwenye nyekundu. Maji ya vuguvugu, uko chini ya katikati. Tumepima mara tatu."

"Na shangazi yako?"

"Shangazi ndiye aliyeyachemsha."

Akaketi kitandani. Akaiweka sufuria sakafuni. Kisha: "Nimekasirika, baba. Sijamaliza kukasirika. Lakini kesho nakwenda mlimani, na siwezi kukukasirikia ukiwa umelala huku. Utapanda?"

Kutoka jikoni: "Daktari amesema asisisimke!"

"Shangazi, huyu hajaacha kusisimka tangu geji iingie nyumba hii!"

Kifuniko kikagonga jikoni. Kisha: "Avae sweta."

Aprili 10, Jumatano

Naandika ndani ya Jeuri, herufi zinarukaruka, atakayesoma anivumilie. Mvua imekonda. Nimefungwa mkanda na mito miwili. Mlima ni mkubwa kuliko nilivyowahi kuwaza, na binti yangu anaupanda kama mtu anayemwongoza mgonjwa ngazini, gia kwa gia, bila papara. Nimemtazama mikono. Niliwahi kutaka mikono hii ishike chaki.

Kona ya pili kutoka kileleni. Mshale umevuka katikati, unaendelea. Mimi nimeshapiga hesabu kichwani: uzito huu, mwendo huu, kileleni atafika na nafasi itabaki kidogo kabla ya nyekundu. Nimefungua mdomo kumwambia aendelee.

Ameshawasha taa ya pembeni. Ameshaegesha.

"Tunasubiri ushuke," amesema, macho kwenye geji, si kwangu.

Nimeufunga mdomo. Malori yanatupita yakipiga honi, na yeye hayasikii. Moyo wangu unakwenda mbio vile alivyonikataza daktari. Tunautazama mshale sote wawili.

Bado. Bado.

Sasa unashuka.